Ubao, Mwambie Huyo Mtu Ashike

Walimu wenzangu, leo aibu imenikuta, tena mchana kweupe, tena majini ambako hakuna hata mlango wa kujificha nyuma yake. Naandika kutoka Lodwar, natuma kipande kwa kipande. Basi limesimama kituo cha mafuta, na mimi nimejifunga nguo ya mwanamke mzee kiunoni. Aliye na chai aiweke mezani kwanza ndipo asome.

Nimeona niseme mwenyewe kabla hamjaambiwa na watu. Mashahidi ni wengi na mmoja wao alikuwa na kamera.

Mnakumbuka wiki iliyopita mwalimu mkuu alivyoingia ofisini na karatasi. Kuna kikundi kimeanzisha mchezo ziwani, upande wa Kerio. Ubao wa tanga. Unasimama juu ya ubao, unashika tanga, upepo unakubeba. Karatasi ilisema mchezo huo ni kwa kila rika na kila hali ya mwili. Mwalimu mkuu akasoma, akachungulia chini ya meza yangu. "Mwalimu Gatluak," akasema, "nadhani wewe unafaa." (Kwenye mpira nimechaguliwa mwisho maisha yangu yote. Hii ndiyo mara ya kwanza nachaguliwa wa kwanza, na ni kwa ajili ya mguu ambao sina.)

Kwa wale walioongezwa kundini juzi: mguu wangu wa kushoto unaishia chini ya goti. Nilikuwa na miaka tisa, tunakimbia vita Sudan Kusini. Mimi nikafika Kakuma, wenyewe ukabaki njiani. Nina wa bandia, wa chuma na plastiki, na nikivaa suruali ndefu hakuna anayejua. Huwa nachechemea kidogo kukiwa na baridi, na Kakuma mnaijua, baridi haijawahi kufika.

Sasa. Habari yangu na Mwalimu Nyaruach wa chekechea mnaijua. Wote mnaijua, acheni kujifanya. Kilichokuwa kimebaki ni kitu kimoja tu: Jumamosi hii familia yake ikae, iseme ndiyo. Na familia yenyewe ni watu wawili. Kuna baba yake mdogo, mzee Tut, ambaye ni kipofu. Na kuna mama yake, aliyefika kambini mwezi uliopita, mrefu, mwenye mvi, asiyecheka.

Mama huyo alitoa sharti moja. Ng'ombe aligusia tu. Kazi hakuuliza. Alisema, "Mume wa binti yangu awe mtu wa kukimbia. Nimeona vita mara tatu. Wanaobaki nyuma ni wasioweza kukimbia." Nyaruach akaniletea maneno hayo huku anaangalia chini. Nikauliza, "Sasa?" Akasema, "Tutamwambia baada ya Jumamosi. Wewe usijionyeshe tu."

Kutojionyesha ni kazi rahisi kwa Mnuer. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani. Hawaongei uso kwa uso. Mwanamume hali chakula mbele yake, hata kama njaa inamuua. Na kuonekana naye bila nguo, hilo ni balaa ambalo wazee hata hawalizungumzii. Mpaka mtoto wa kwanza azaliwe, ndipo mambo hulegea kidogo.

Kwa hiyo mwezi mzima nimekuwa nakwepa bomba la maji la upande wa kwao. Nikimwona kwa mbali, nageuza njia. Siku moja sikuwa na pa kugeukia, nikaingia duka la Msomali mbio, na kwa haya nikanunua dawa ya kuua kupe. (Sina mbuzi.) Mzee Tut tu ndiye niliyekuwa nasalimiana naye kila Jumapili. Yeye haoni, na nyayo zangu aliniambia zinasikika kama za mwanajeshi. Nikamshukuru.

Juzi Nyaruach akanipa habari njema. Mama yake na mzee Tut wamekwenda Lodwar na wazee wa kanisa kupimwa macho. Watarudi leo jioni. Nikafurahi kama mwanafunzi aliyesikia mwalimu wa hesabu ni mgonjwa. Siku nzima bila kujificha! Vibali vya kutoka kambini vilikuwa tayari, na alfajiri sisi tuliochaguliwa tukapanda basi.

Tulifika ziwani saa nne. Upepo ulikuwa unavuma wa kukupokonya maneno mdomoni. Mwalimu wa mchezo ni mama mmoja Mturkana wa huko huko, anaitwa Akiru, mvuvi wa zamani, sauti yake haihitaji kipaza. "Ejok!" akatupokea. "Ejok noi," tukajibu. Akatupanga mstari, akatukagua mmoja mmoja kama mtu anayenunua mbuzi. Alipofika kwangu akagonga mguu wangu wa kushoto, chini ya goti, kwa kidole, akasikia mlio.

"Hii mguu inabaki huku."

"Mama, naweza kuingia nao majini."

"Chuma inajua njia moja tu kwa maji. Chini. Ondoa."

Nikaondoa. Nikausimamisha chini ya kibanda cha makuti, pamoja na kiatu chake na soksi yake, ukiwa umenyooka vizuri. Suruali nayo nikavua, nikabaki na kaptula niliyoazimwa na Mwalimu Barasa. (Mwalimu Barasa, kuhusu kaptula nitakuja. Vumilia.) Kaptula ilikuwa ya mtu mwenye tumbo, nikaifunga kwa kamba ya kiatu. Akiru akanivisha jaketi la kuelea, nikaruka ruka na mguu mmoja hadi kwenye maji ya gotini, nikapiga magoti juu ya ubao.

Na nisiwadanganye, nilipenda. Ubao ule ni mpana, umetulia. Unavuta kamba, tanga linainuka kutoka majini zito, halafu ghafla linakuwa jepesi, upepo umelishika. Hakuna anayekuuliza una miguu mingapi. Kulikuwa na kijana wa Kongo asiye na mkono mmoja, kulikuwa na bibi Mturkana mwenye shanga shingoni mpaka kidevuni, wote wanaanguka, wote wanainuka wanacheka. Nikasema moyoni, nikioa nitamleta Nyaruach hapa. Nilikuwa nimefika kwenye kuchagua majina ya watoto.

Ndipo gari la pili likaja.

Gari la wazee. Kumbe kikundi kile kiliwapitia Lodwar, maana mchezo ni wa kila rika. Wakaanza kushuka. Wa kwanza mzee Tut, ameshikwa mkono. Nyuma yake mwanamke mrefu, lawa, lile shuka la wanawake wa kwetu, ya buluu, imefungwa begani, anatembea moja kwa moja kuelekea maji. Na usoni, miwani. Miwani mpya! Amepimwa macho jana, leo anaona mpaka Ethiopia!

Mimi niko majini, kifua kimefungwa jaketi, paja wazi, mguu mmoja, goti lingine limeishia hewani. Suruali yangu iko ufuoni. Mguu wangu uko ufuoni. Na wao wanaelekea hapo hapo.

Mzee Tut akaketishwa chini ya kibanda. Akapapasa ubavuni, mkono ukagusa kiatu changu. Akakisalimia kwa Kinuer. Kiatu hakikujibu. "Kijana, sogea kidogo nikunje miguu," akasema. Kiatu hakikusogea. "Vijana wa siku hizi," akasema mzee Tut, na akasogea yeye.

Nikainua tanga haraka nikajificha nyuma yake. Tanga ni kubwa, la rangi ya chungwa. Nikatulia. Halafu nikagundua kwamba namwona mama mkwe wangu vizuri kabisa. Kumbe tanga la kujifunzia lina dirisha! Nailoni nyeupe katikati, unaona upande wa pili, na wa upande wa pili anakuona wewe. Nani aliyetia dirisha kwenye tanga? Nikainama chini ya dirisha. Yeye akasogea karibu na maji. Hatua. Hatua nyingine.

Mtu mwenye akili angesema, aah, nimeonekana, yaishe. Mimi ni Mnuer. Nikageuza ubao, nikaliachia tanga upepo wote, nikakimbilia ziwani.

"Wewe Mwalimu Gatluak!" Akiru akapiga kelele. "Rudi! Hiyo upepo inatoa nje!"

Nilimsikia. Nilimsikia vizuri sana. Lakini nyuma yangu kulikuwa na mama mkwe na mbele yangu kulikuwa na mamba tu.

Nikaenda. Yaani nilienda! Watu ufuoni wakaanza kupiga makofi wakidhani ni ustadi. Ubao unakata maji, mikono inawaka, sijui kukata kona, sijui kusimama. Kwa dakika kadhaa mimi ndiye niliyekuwa mchezaji bora wa siku. Nilipogeuka kutazama, watu walikuwa wadogo na maji yalikuwa yamebadilika rangi.

Tanga likanishinda. Lilipiga upande mwingine, likanivuta, nikaingia majini kichwa kwanza. Kamba ya tanga ikanasa kwenye kamba ya kiatu. Nikavuta, nayo ikavuta. Nilipofanikiwa kupanda tena juu ya ubao, nilikuwa mwepesi kuliko nilivyoshuka. (Mwalimu Barasa. Samahani sana. Iko Ziwa Turkana, inaelekea kaskazini.)

Basi nikalala kifudifudi juu ya ubao, jaketi juu, na kuanzia hapo kwenda chini ni mimi na Mungu. Upepo unasukuma. Mashua yao ya injini nikaiona kwa mbali, watu wameizunguka, injini inakohoa na kunyamaza, inakohoa na kunyamaza. Upande wa kulia kitu cheusi kilikuwa kinaelea, kirefu. Nikajiambia ni gogo. Kikazama. Magogo hayazami hivyo.

Nitasema ukweli, hapo sikucheka. Nilimfikiria Nyaruach. Nilifikiri, hii familia itakuja kuambiwa nilikufa uchi nikimkimbia mtu ambaye hakuwa ananifukuza. Nikaanza kulia, na nisingewaambia hilo kama kijana mmoja wa kikundi, mwenye kamera, asingekuwa na lenzi ndefu.

Halafu nikaona ubao unakuja. Hauna tanga. Juu yake kuna mtu amepiga magoti, anapiga kasia kushoto, kulia, kushoto, bila haraka, mgongo umenyooka. Nikashukuru Mungu, nikasema ni Akiru. Akakaribia. Nikaona buluu. Nikaona miwani.

Mama yule alizaliwa kando ya mto Sobat. Alipiga kasia kabla hajajua kusuka nywele. Walipokuwa wanabishana kuhusu injini, yeye alichukua kasia la mtu, akapanda, akaondoka. Hakuomba ruhusa.

Nilifanya nini? Nilijitupa majini upande wa pili, nikavuta tanga nikajifunika. Nilikuwa nimebaki na kichwa tu nje. Nikajisemea, hapa hapa nimesitirika. Kisha nikatazama nimejifunika sehemu gani ya tanga. Dirisha.

Akasimamisha ubao wake, karibu kiasi cha kufikiana kwa kasia. Jina langu alikuwa amelisikia Akiru akilipigia kelele, kwa hiyo akageuza uso pembeni, kama inavyotakiwa. Na kwa sababu mama mkwe hasemi na mkwe wake, aliongea na ubao wangu.

"Ubao," akasema kwa Kinuer, "mwambie huyo mtu ashike kasia langu."

Sasa na mimi siwezi kumjibu yeye. Nikajibu tanga. "Tanga, mwambie mama asante. Niko salama. Yeye arudi, jua ni kali."

"Ubao, mwambie huyo mtu aliye salama kwamba nyuma yake kuna mamba."

"Tanga, mwambie mama ni gogo."

"Ubao, muulize kama magogo ya Kakuma yana macho."

Nikageuka. Yalikuwepo macho. Mbali kidogo, lakini yalikuwepo, na yalikuwa yanatutazama wote wawili bila adabu yoyote.

"Tanga," nikasema, "mwambie mama siwezi kutoka. Sina nguo. Mwambie anitupie kamba, aende zake, mimi nitakuja nyuma akishafika."

Upepo ukawa unatusukuma pamoja, ubao wake na ubao wangu. Nilidhani ameelewa. Nilidhani anatafuta kamba. Alipoongea tena sauti ilikuwa ya chini.

"Ubao, mwambie kwamba nilikuwa na mtoto wa kiume. Koang. Alikuwa na miaka kumi na mitano. Tulifika mtoni, wenye bunduki wako nyuma yetu. Koang alikuwa amevua nguo ili aogelee. Wanawake walikuwa wanavuka, na kati yao kulikuwa na mama wa msichana aliyekuwa anamtaka. Akaona haya. Akajificha kwenye matete, akasema, vukeni ninyi kwanza, mimi nitakuja nyuma. Nilimwita. Akasema, mama, nitakuja nyuma."

Hakulia. Alikuwa bado anatazama pembeni.

"Walipofika, alikuwa bado anasubiri."

Halafu akageuza uso. Walimu wenzangu, alinitazama. Machoni. Na hakusema na ubao tena.

"Shika."

Nikashika. Alinivuta kwa mkono mmoja, nguvu ambazo sijui mwanamke wa umri ule anazitoa wapi, akanipandisha nyuma yake kama gunia. Na aliona. Aliona kila kitu, goti, kovu, yaliyo juu ya goti, yote, kwa miwani mpya. Akatazama mguu uliokatwa kwa muda mrefu. Akafunga ubao wangu nyuma ya wetu, akaanza kupiga kasia, na mimi nikapiga maji kwa mikono nikiwa nimelala kifudifudi juu ya aibu yangu.

Ufuoni walikuwa wanashangilia. Kilichoonekana ni mwanamke mzee anapiga kasia, na nyuma yake jaketi la kuelea na matako ya mwalimu wa Kiswahili. Shangwe ikapungua kadiri tulivyokaribia. Akiru akasema, "Ai, ai, ai," akageukia upande mwingine na mabega yanatikisika. Mama akafungua lawa yake begani, akabaki na gauni, akanirushia. Nikajifunga.

Akaniletea mguu. Mwenyewe, mikononi, kutoka kibandani. Mzee Tut akainuka. "Kumbe ulikuwa mguu!" akasema. "Nimeongea nao kutwa."

Nikajua yameisha. Nikamngoja aseme, huyu si mtu wa kukimbia. Nilikuwa nimeandaa jibu, nilikuwa nimeliandaa mwezi mzima, kwamba nilikimbia siku nne na mguu uliopigwa risasi, kwamba kukimbia ninajua kuliko wengi. Mzee Tut naye aliona mambo yanaharibika (samahani, alisikia), akajaribu kuniokoa. Yule mzee Mungu ambariki.

"Mimi," akasema kwa sauti ili wote wasikie, "sijaona kitu. Na kwa familia hii msemaji ni mimi. Mambo ya leo hayakutokea. Tutaonana Jumamosi."

"Wewe hukuona," mama akasema. "Mimi nimeona."

"Ni mguu tu, shemeji."

"Nani amesema mguu?" Akamgeukia kwa hasira. "Mtu mwenye mguu mmoja aliyefika kule katikati ya ziwa, huyo anakimbia kuliko wenye miwili. Mguu nimeusamehe tangu majini. Nasema hivi. Mkwe haonwi. Huyu nimemwona. Nimemtoa majini kwa mkono wangu huu, uchi, analia. Anayetoka majini uchi analia, mkononi mwa mwanamke, anaitwa nani?"

Akajipiga kifua kwa kiganja.

"Anaitwa mtoto. Mungu alichukua mmoja mtoni, leo amenirudishia mmoja ziwani. Huyu ni mwanangu."

Wale Wanuer wazee waliokuwa pale wakapiga vigelegele. Akiru alipotafsiriwa, naye akapiga vigelegele, mpaka bibi wa shanga akajiunga. Kijana wa kamera alikuwa anafuta machozi. Mimi mwenyewe nilikuwa nimetabasamu! Nilikuwa nimeelewa nusu tu, nusu ya mguu kusamehewa.

Mzee Tut ndiye aliyeelewa yote wa kwanza. Nilimwona uso unabadilika taratibu. "Subiri," akasema. "Kama huyu ni mwanao... basi Nyaruach..."

Vigelegele vikafa.

"Nyaruach atapata mume," mama akasema. "Waume wapo. Mimi nilikuwa sina mtoto wa kiume."

"Mama," nikasema. (Tazameni nilivyo mjinga. Mwezi mzima sijamsemesha, na neno la kwanza ninalomwambia ndilo linanimaliza.) "Mama, mimi nataka kumwoa Nyaruach."

Akacheka. Mara ya kwanza kumwona akicheka, na meno yake ni mazuri, Nyaruach ameyarithi. "Mtu haoi dada yake," akaniambia, kwa upole, kama unavyomweleza mtoto.

Bado nilikuwa na njia moja. Mzee Tut aliniegemea sikioni akaninong'oneza. "Maneno ni maneno. Nitayalainisha hadi Jumamosi. Wewe usile mbele yake tu. Usipokula, wewe bado ni mkwe."

Chakula kilikuwa kimeletwa. Samaki wa kuchoma na ugali, kwa wote. Mama akachukua sahani, akaketi mchangani mbele yangu. Akavunja samaki. Akatoa miiba, mmoja mmoja, akiikagua kwa miwani ile, akiiweka kando kwenye jani. Akafinyanga tonge. Akaninyooshea mdomoni.

Nilikuwa sijala tangu jana jioni. Lakini njaa nimezoea, kambini sote tumezoea, chakula kimepunguzwa mpaka tumesahau kushiba kunafananaje. Si njaa iliyonishinda. Nataka muamini hilo, hasa mmoja wenu. Nilifunga mdomo. Nilitazama pembeni. Nilimfikiria Nyaruach kwa nguvu zangu zote, vidole vyake vyenye chaki, jinsi anavyoniita Mwalimu hata tukiwa wawili.

Mama hakushusha mkono. Ulikaa pale, na baada ya muda ukaanza kutetemeka. Hakusema shika. Hakusema kula. Alisema tu, polepole, "Koang alipenda sehemu ya tumboni."

Nikala.

Mzee Tut alinisikia natafuna. Alishika kichwa kwa mikono miwili.

Nilikula samaki mzima, walimu wenzangu, kutoka mkononi mwake, mbele ya watu wote, nimejifunga nguo yake. Kila tonge alitikisa kichwa kuridhika. Alinifuta mdomo kwa kidole gumba. Watu waliokuwa wanacheka mwanzoni walikuwa wameacha, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Njiani aliketi karibu yangu, suruali yangu ameikalia, anasema ina tundu, ataishona kwanza ndipo niivae. Mguu wangu aliupakata mpaka Lodwar, anaufuta mchanga kwa pindo la gauni, anasema kiungo hiki kinahitaji mafuta, kesho atanitafutia. Sasa amelala kwenye kiti, mdomo wazi. Mzee Tut anasema hajamsikia akilala mchana tangu afike kambini, wala usiku. Siwezi kumwamsha. Nimejaribu kumchukia na nimeshindwa.

Ziwani hakukuwa na mtandao. Tulipoingia Lodwar, simu ikaanza kulia, na mzee Tut akawa tayari amempigia mtu. Ujumbe wa kwanza ulikuwa wa Nyaruach. "Nimeambiwa yote. La mguu nimefurahi. La nguo tungelimaliza. Nataka kujua kitu kimoja. Ulikula?"

Nikamjibu, "Mkono wake ulikuwa unatetemeka."

Nikaona anaandika. Akaacha. Akaandika tena. Akaacha kwa muda mrefu, dereva akamaliza kutia mafuta, akalipa, akarudi. Halafu ukaingia.

"Sawa. Msalimie mama yetu. Ukifika, jikaze, usije kwangu."

Nawaomba msicheke. Wala msiweke vile vikatuni vya kulia machozi ya kicheko. Dada yangu yumo humu kundini, na naona ameshasoma.